Mlango Tulioufunga Jilore

Mara ya kwanza nilipoliona lile shimo nilidhani ni la choo. Nilikuwa nimeshamwamkia mzee, nimeshaulizwa habari za mjini na nimeshajibu kuwa ni njema, na kwa kuwa mimi ni mtu nisiyeweza kukaa kimya, nikamwambia amefanya jambo la maana kuchimba choo kipya kabla masika hayajakolea. Mzee akalitazama shimo, akanitazama mimi, akacheka kidogo puani.

"Si choo, mwanangu," akasema. "Hilo ni langu mimi."

Lilikuwa kaburi. Aliamka asubuhi moja akalikuta chini ya mkorosho, hatua chache kutoka mlangoni pake, limechimbwa vizuri na udongo wake umerundikwa kando. Hakuna aliyefiwa. Hakusikia jembe wala sauti ya mtu. Yeye ni mtu mrefu, na waliolichimba walikuwa wamelichimba refu. Kwa muda nikasahau kile nilichokuwa nimekuja kumuuliza.

Mimi ni mzaliwa wa mji wa kale wa Malindi. Wakati huo nilikuwa naandika tasnifu ya udaktari katika sheria, na swali langu lilikuwa jepesi kulisema: kwa nini kesi za wazee wanaotishiwa kuuawa kwa tuhuma za uchawi huporomoka kabla ya hukumu? Kila mtu wa pwani anajua jambo hili. Mzee akiota mvi, shamba likawa zuri, na watoto wa ndugu zake wakawa wengi, basi homa ya mtoto yeyote pale mtaani itatafutiwa mwenyewe. Wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilikuwa nimesoma majalada ya kutosha kujua kwamba kesi hizo hufa kwa sababu moja kubwa: mashahidi hawaji. Nilitaka kujua kwa nini hawaji. Niliwaona, nikiri, kama watu waliokosa ujasiri tu, na niliazimia kuliandika hilo kwa lugha ya heshima.

Mzee huyu wa Jilore, kijiji kilicho bara kidogo kutoka Malindi, alikuwa mmoja wa watu waliokubali kuzungumza nami. Mkewe alikwisha kufariki. Mwanawe alikuwa akifanya kazi Mombasa, akija nyumbani mara chache, na mzee aliishi na mke wa mwanawe na binti yao mdogo, mtoto wa miaka kama mitatu, ambaye hakuwa akimwachia babu yake nafasi hata ya kuketi. Ng'ambo ya ua walikaa watoto wa marehemu ndugu yake. Mmoja wao alikuwa amefiwa na mtoto mwaka uliopita. Mtoto aliugua siku chache, mganga akaendewa, na mganga akataja jina. Baada ya hapo ndipo shimo lilipochimbwa.

Mzee alinyoa kichwa chote. Mkwewe ndiye aliyemnyoa, uani, kila mvi zilipoanza kuchungulia, na alifanya kazi hiyo bila maneno, kama mtu anayeosha vyombo. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilidhani ni usafi tu wa wazee.

Shimo lenyewe liliachwa wazi kwa amri. Mzee alikuwa amekwenda kuripoti, akafunguliwa jalada, na askari walikuja wakalizunguka, wakalipima kwa macho, wakamwambia lisifukiwe wala lisiguswe mpaka mpiga picha aje, kwa kuwa ni ushahidi. Mpiga picha hakuja. Mvua ilianza, shimo likaanza kujaa, na mzee akaendelea kupita ubavuni mwake asubuhi na jioni akienda kufungua mbuzi na kuwafunga. Nilimuuliza kwa nini asilifukie tu. Akaniambia serikali imekataza. Na mimi, ambaye nimeisoma sheria ya ushahidi mpaka nikaota nayo, nikamwambia askari wamesema kweli, ushahidi ukiharibiwa kesi inakufa. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kutii.

Safari zile ziliniogopesha tangu mwanzo, ingawa mjini nilizisimulia kwa majigambo. Nilikodi gari la jirani yetu mmoja, mtu wa makamo, mcheshi, ambaye kila tulipofika aliligeuza gari likatazama barabara kabla hajazima injini.

"Gari huegeshwa kichwa nje, dada," aliniambia. "Hata harusini mimi huegesha hivyo."

Nilicheka. Lakini niliona pia jinsi vijana waliokaa kwenye duka la njia panda walivyonyamaza tulipopita, wote kwa pamoja, na jinsi ambavyo hawakuitikia nilipowapungia mkono. Pwani kwetu mtu usiyemjua akikusalimu humrudishii kimya. Kimya kile kilinikaa mgongoni mpaka tukafika, na tuliporudi kilikuwa bado kinatungoja pale pale.

Mazungumzo ya kwanza tuliyafanya nje, uani. Mkwewe alikuwa akipepeta mahindi pembeni, watu walipita njiani wakatuona, mtoto alimpanda babu yake magotini. Mzee alizungumza kwa sauti kubwa kuhusu mvua, kunde na bei ya korosho. Kila nilipokaribia swali langu, sauti yake ilipanda zaidi na habari za korosho zikaongezeka. Nilirudi Malindi na kanda iliyojaa kilimo.

Nikapeleka taarifa chuoni, na kamati ya maadili ikanikumbusha kifungu nilichokitia sahihi mwenyewe. Mahojiano na mtu aliye hatarini yafanyike faraghani, pasipo mtu mwingine kusikia, na lolote asemalo lisifichuliwe kwa yeyote. Ni kifungu kizuri. Kimewekwa na watu wenye huruma, na mimi mwenyewe nimekitetea mbele ya wanafunzi. Niliona haya kwamba nilikuwa nimekivunja, nikaazimia safari ijayo nifanye mambo kwa utaratibu.

Kwa hiyo siku ile, asubuhi ya mawingu baada ya mvua kubwa, nilimwomba mzee tuzungumze ndani, na tufunge mlango.

Aliutazama mlango wake wa mbao kana kwamba ni mara ya kwanza kuuona.

"Huku kwetu mchana mlango haufungwi watu wakiwa ndani, mwanangu," alisema. "Ukifungwa watu huuliza."

"Ni kanuni za chuo, mzee wangu," nikamjibu. "Ni kwa usalama wako."

Mkwewe alikuwa amesimama karibu na jiko. Aliniangalia, akamwangalia baba mkwe wake, akafungua kinywa, kisha akakifunga. Mimi nilikuwa mgeni, na mgeni kwao hapingwi. Badala ya kusema alilotaka kusema, aliniambia sukari imekwisha na hawezi kunipa chai isiyo na sukari, kwa hiyo anakimbia dukani mara moja. Nilimwambia asijisumbue. Akaenda. Mtoto akabaki uani akifukuza kuku.

Tukaingia, mzee akafunga mlango.

Aliyoniambia mle ndani siyaandiki hapa. Niliahidi, na ahadi hiyo bado inanifunga. Ninachoweza kusema ni kwamba aliacha kuzungumza juu ya korosho. Alizungumza kwa sauti ya chini sana, nikalazimika kusogea mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, na kila kuni au tawi lilipolia nje alinyamaza, akasikiliza, akanitajia ni nani aliyepita. Aliwajua wote kwa nyayo zao. Mwanzoni nilistaajabu, kisha nikaelewa kwamba hakuna mtu anayejifunza jambo kama hilo kwa kupenda, na hapo nikaanza kuogopa kwa hofu yake yeye, hofu ambayo sikuwa nimeizoea. Nilitamani kuufungua mlango. Sikuufungua kwa sababu mtu alikuwa hatimaye anasema kweli, na mimi ni mtafiti.

Tulisikia dereva akipiga kelele.

Nilipotoka nje niliona viatu vyake tu kando ya shimo. Alikuwa ndani, maji yamemfika kifuani, na mikono yake ilikuwa juu, imemshika mtoto. Ukingo ulikuwa umelainika kwa mvua, na mtoto alikuwa amemfuata kuku. Nilimpokea. Alikuwa mzito kwa maji na tope, midomo yake imebadilika rangi, hapumui. Dereva alipanda kwa viwiko, akaninyang'anya mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya goti lake, akampiga mgongoni. Sijui alijifunza wapi. Maji yakatoka, tena yakatoka, kisha mtoto akakohoa na kulia, na mimi nikakaa chini topeni.

Mama yake alifika akikimbia, pakiti ya sukari bado mkononi. Alimchukua mwanawe, akaingia garini, na dereva akaondoka nao kwenda zahanati, nguo zake zikichuruzika. Nikabaki mimi na mzee. Gari lilipopotea machoni ndipo nilipoona kwamba ua umejaa watu.

Sijui walitoka wapi upesi namna ile. Walikuwa watu niliokwisha kuwaona njiani, wanawake wenye ndoo, vijana wa dukani, watoto wa ndugu wa mzee wakiwa wamesimama pamoja. Mmoja alikuwa na jembe. Alikuwa ametoka shambani nalo, hilo nilijiambia, watu hutoka shambani na majembe. Hawakutukaribia. Walisimama wakilitazama shimo, kisha wakamtazama mzee aliyeshika kizingiti cha mlango wake, kisha wakaurudia mlango wenyewe.

Mzee wa kijiji, yule anayemsaidia chifu, alifika akiwa bado anafunga vifungo vya shati. Nilimshukuru Mungu nilipomwona. Alikuwa mtu mpole, nilikuwa nimemtembelea siku ya kwanza kuomba ruhusa, na nilijua kwamba sasa mambo yatakwenda kwa maswali na majibu. Maswali na majibu ndiyo kazi yangu.

"Mtoto alipoanguka, mzee alikuwa wapi?" akauliza, bila kumlenga mtu.

Mke wa yule aliyefiwa na mtoto alijifunika uso kwa leso.

Naomba nieleweke hapa. Nilikuwa mwanamke mmoja asiye na gari, katikati ya watu ambao sikuweza kuwahesabu, na sauti moja kichwani ikiniambia ninyamaze, kwamba si mambo yangu, kwamba nina mtoto nyumbani. Kwa mara ya kwanza nilijua mwilini kwa nini mashahidi hawaji. Hata hivyo nilisema. Nilisema kwa sababu nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa zuri kuliko majibu yote ambayo wakili anaweza kuyaomba. Mtu akiwa mahali pengine wakati jambo linatendeka, hakulitenda. Nilikuwa nimelifundisha hilo ubaoni.

"Alikuwa ndani na mimi," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Tangu mtoto akiwa uani anacheza mpaka dereva alipopiga kelele, mzee hakutoka. Mimi ni shahidi wake. Hakulikaribia shimo hata kidogo."

Nilingoja nyuso zilegee. Zilikuwa zikinitazama vile vile.

Yule mwanamke aliyefiwa akaondoa leso usoni. Hakuwa na hasira, ningependa hilo lijulikane. Alikuwa na uso wa mtu aliyelia mpaka akachoka, na aliniuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza njia.

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa umefungwa," nikasema.

"Mlikuwa mkifanya nini?"

"Tukizungumza."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti ya chini."

"Mkisema maneno gani, dada yangu, wakati mtoto anazama?"

Nikafungua kinywa. Nikakumbuka kifungu, ahadi, na jinsi mzee alivyoniamini. "Siwezi kusema," nikajibu. "Nimekatazwa."

Mtu mmoja nyuma akavuta pumzi kwa nguvu. Mwingine akasema neno la Kigiriama ambalo sikulijua, na mama mmoja akamvuta mwanawe akamficha nyuma ya kanga. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Sheria niliyoisoma inasema mtu hawezi kuwa mahali pawili. Wale watu, hofu yao yote ilikuwa kwamba yuko mtu anayeweza: anakaa ndani, anafunga mlango mchana, ananong'ona, na mtoto wa mtu anazama huko nje. Niliwaletea ushahidi wa jambo hilo hilo, kwa kinywa changu, na nikautilia kiapo. Ulimi hauna mfupa. Ningenyamaza, labda wangesema mtoto ameteleza.

"Usiseme tena, mwanangu," mzee aliniambia kwa chini nyuma yangu. Hata hilo waliona, kwamba ameninong'oneza.

Yule kijana mwenye jembe alisogea mbele. Mwingine akaokota jiwe, akawa analigeuzageuza mkononi bila kulitupa. Kukawa na mlio kama wa nyuki, watu wakizungumza bila kufungua vinywa, na nikasikia mara mbili neno shimo, na mara moja nikasikia "lishajaribu kumla mtoto." Mzee wa kijiji alikuwa akisema tulieni, tulieni, lakini alikuwa akirudi nyuma huku akisema. Ninakumbuka nilimshika mzee mkono na ulikuwa mkavu na wa moto. Mimi ndiye niliyelowa jasho. Nilisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo nikaikosea katikati, nikaanza tena, na nilipoona macho ya yule mama aliyefiwa kwenye midomo yangu inayocheza, nikaacha kusoma. Sijawahi kuogopa kiasi kile, wala kabla wala baada, cha kuacha dua kwa kuogopa kuonekana.

Gari likarudi. Dereva alikuja na honi tangu njia panda, akaliingiza mpaka uani, akaligeuza, na alishuka akitangaza kwa sauti kwamba mtoto yu salama, anapumua, ameomba maziwa. Watu walimsikia. Wengine walimshukuru Mungu. Haikubadilisha kitu. Aliyemwokoa mtoto ni dereva, si mzee, na shimo lilikuwa bado wazi.

Mzee wa kijiji akanivuta kando.

"Mchukue," akasema. "Si kesho, sasa hivi. Akilala hapa leo, mimi sitakuwa na la kumwambia chifu."

"Lakini hajafanya kosa."

"Mama, nimesema mchukue."

Mzee aliingia ndani, akatoka na fimbo yake na kikoi kimoja kilichokunjwa. Hakufunga mlango. Alipita katikati ya watoto wa ndugu yake akawaaga mmoja mmoja kwa majina, na wawili kati yao, kwa mazoea ya malezi, wakamwitikia. Tulipoondoka viganja viligonga paa la gari, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, na dereva, ambaye alikuwa hajamaliza hadithi hata moja tangu nimjue bila kutia mzaha, hakusema neno mpaka tulipoanza kuona nyumba za Malindi.

Kuna makao ya wazee wa namna yake, lakini yalikuwa yamejaa, na tena walihitaji barua kutoka ofisi moja iliyohitaji barua kutoka ofisi nyingine. Nikampeleka nyumbani kwa mama yangu, ninakoishi na binti yangu. Mama alimpokea kwa adabu zote za mji wetu. Alimwita baba, akamtandikia shuka zilizofukizwa udi, akampikia uji laini wa pilipili manga kwa sababu alisikia meno yake hayana nguvu, akamwekea maji ya kuoga ya vuguvugu. Mzee alikaa kwenye baraza ya ndani, akisimama kila mama alipopita, mpaka mama akamwambia, "Baba, tafadhali, utanichosha." Nilifurahi. Nilijiambia kwamba hofu ile tumeiacha kule shambani, kwa watu ambao hawakupata bahati ya kusoma.

Mkwewe alipiga simu. Mtoto amepona, alisema, na anamuulizia babu yake kila akiona fimbo. Kisha akalia, akasema asirudi. Kesi ya shimo haikusikilizwa. Mlalamikaji, niliambiwa, hapatikani katika makazi yake.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka maktaba nikakuta kitanda cha binti yangu hakipo mahali pake. Chumba chake kilikuwa kinatazamana na cha mzee, ua mdogo tu kati yao. Mama alikuwa amekihamishia chumbani kwake, upande wa mbele.

"Kwa nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Huku kuna upepo."

"Mama."

Aliweka chini mchele aliokuwa akichagua. "Simtuhumu mtu. Yule ni mzee wa watu, ana heshima kuliko wengi wa hapa mtaani. Lakini mtoto ni mtoto."

Nilimjia juu. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile zilikuwa zimesubiri mtu wa kuzipokea. Nilimwambia yeye anaswali swala tano na anajua kwamba kheri na shari zinatoka kwa nani. Nilimwambia ni haya haya yaliyomchimbia mtu kaburi. Nilimwambia ninaandika kitabu kizima juu ya watu kama yeye. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaurudia mchele wake.

"Haya, kirudishe basi," akasema.

Nilikwenda mpaka kwenye kile kitanda, nikakishika ubao wa kichwani. Kilikuwa kizito. Nikasema nitakirudisha kesho, dereva akija anisaidie.

Asubuhi iliyofuata binti yangu aliamka na homa. Tulikuwa katikati ya masika, mbu wamejaa mji mzima, nusu ya watoto wa chuo chake cha Kurani walikuwa wamelazwa majumbani. Nililijua hilo. Nilipitisha kiganja kwenye paji lake la uso, likawa la moto, midomo imekauka, macho yamelegea, na akaniambia kichwa chake kinamuuma. Mama akaenda kutafuta kitambaa na maji. Nilimnyanyua mtoto nikatoka naye uani kwenye hewa, nikiwaza daktari, nikiwaza pesa za tuktuk, nikiwaza iko wapi kadi yake.

Na macho yangu yakaenda kwenye mlango wa chumba cha mzee. Sikuyatuma. Yalikwenda yenyewe, yakatua pale, kuangalia kama ulikuwa wazi au umefungwa.

Ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amesimama kizingitini, mswaki wa mti mkononi, fulana safi ambayo mama alimfulia. Alimwona mtoto kifuani kwangu. Kisha akaniona mimi, akayaona macho yangu yalikokuwa, na nikaona jinsi alivyoyatambua. Nilitaka kusema kitu, shikamoo, chochote. Yeye akanitangulia.

"Mimi nilikuwa nimelala, mwanangu," akasema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.